Ritifaa ya Chang'ombe: Kurekebisha Usimbaji Uliochanganyika Katika Hifadhidata

Kompyuta haihifadhi herufi bali baiti, yaani vifungu vya biti nane vyenye thamani kuanzia 0 hadi 255, na kanuni inayoamua baiti ipi isimame kwa herufi ipi ndiyo iitwayo usimbaji wa herufi. Kwa kuwa herufi zote za Kiswahili zimo katika orodha ya ASCII yenye alama 128, ambayo UTF-8 na Windows-1252 zimeirithi kama ilivyo, ni rahisi kudhani kwamba data ya Kiswahili haiwezi kuharibika, lakini dhana hiyo hukwama orodha ya majina inapofika Chang'ombe au Murang'a. Programu za kuandikia hati, ambazo hupenda kusahihisha zisichoombwa, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda, na hiyo haimo katika ASCII: katika Windows-1252 ni baiti moja, 92 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ilhali katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Baiti hizo tatu zikisomwa kwa kanuni ya Windows-1252, Chang’ombe huwa Chang’ombe, na kwa njia hiyo hiyo Désiré huwa Désiré.

Ugumu huzidi pale faili moja linapounganisha orodha za ofisi mbalimbali, kwa sababu zana nyingi za kuingizia data hutaka faili zima litajiwe usimbaji mmoja, na jibu lolote litakalotolewa litakuwa kosa kwa baadhi ya mistari. Uamuzi hufaa ufanywe mstari kwa mstari, na mpangilio wa majaribio ndio wenye uzito. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huifanya baiti ya kwanza ya herufi ndefu itangaze idadi ya baiti zake, na kila baiti inayofuata huanza na biti mbili, 1 na 0, hivyo ni nadra maandishi ya usimbaji mwingine yenye alama nje ya ASCII kupita kipimo hicho kwa bahati. Windows-1252, kwa upande wake, hukubali baiti 251 kati ya 256 na kwa hiyo karibu haikatai chochote. UTF-8 hujaribiwa kwanza, bila kulegeza masharti, na mstari ulioshindwa ndio husomwa kwa Windows-1252.

Kipimo hicho hakigundui maandishi yaliyosimbwa mara mbili, yaani UTF-8 iliyowahi kusomwa kimakosa kisha ikahifadhiwa upya kama UTF-8, kwani sasa ni halali kabisa. Hayo hutafutwa kwa dalili zake, hasa “â€” na “Ã”, kisha hurudishwa kuwa baiti za Windows-1252 na kusomwa upya, na matokeo hukubaliwa tu yakiwa UTF-8 sahihi. Hata hapo kuna mtego: baiti tano, 81, 8D, 8F, 90 na 9D, hazina herufi katika Windows-1252, na alama ya kufunga usemi iliyopinda (”) katika UTF-8 huishia na 9D, kwa hiyo zana kali hukwama; hifadhidata ya MySQL haikwami, maana usimbaji inaouita latin1 kwa kweli ni Windows-1252 iliyojazwa nafasi hizo tano. Palipoingia alama ya kuuliza au alama ya U+FFFD, ambayo programu huiweka badala ya baiti zilizoishinda, hakuna hesabu itakayorudisha herufi; hurejewa chanzo.

Baada ya hayo ritifaa huunganishwa kuwa moja, kwani anayemtafuta mkazi wa Murang'a kwa ritifaa iliyonyooka huenda asimpate aliyeandikwa kwa iliyopinda. Hifadhidata ya PostgreSQL iliyowekwa UTF-8 hukataa baiti batili waziwazi, tabia inayoudhi lakini yenye manufaa. Katika MySQL huchaguliwa utf8mb4, kwa kuwa ile iliyoitwa utf8 kwa miaka mingi huishia baiti tatu kwa kila herufi. Baiti asilia huhifadhiwa katika safu ya pembeni pamoja na jina la kanuni iliyotumika, ili mstari uliorekebishwa vibaya uweze kufanyiwa kazi upya bila kurudia uingizaji wote.