Lugha ya Katikati: Juu ya Ukalimani Mpakani Tunduma

Husemwa mara nyingi ya kuwa mkalimani ni mfereji tu, na ya kuwa maji yaingiayo ndiyo yatokayo. Usemi huu haufai. Mahali pazuri pa kuupima ni Tunduma, mkoani Songwe, ambako Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kiingereza hukutana kila siku penye mpaka wa Zambia.

Reli ya Tanzania na Zambia, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo yavuka mpaka hapo. Redio ya Peking ilikwisha kuanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, kwa hiyo China haikukosa wajuzi wa lugha yetu. Lakini palipokosekana mjuzi huyo kazini, Kiingereza ndicho kilichokaa katikati.

Na tutazame lifanyikalo hapo. Mswahili husema baba mkubwa, baba mdogo, na mjomba. Mchina naye ana bobo, shushu, na jiujiu, kwa maana zile zile. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zapatana kabisa; lakini zikipitia Kiingereza, wote watatu huwa «uncle», na mkalimani wa pili hana budi kubahatisha. Tena, kiambishi chetu a- hakibagui mume na mke, wala ta ya Kichina, kwa matamshi, haibagui. Kiingereza chadai kujua. Basi lugha ya katikati hupunguza lililosemwa, kisha huongeza lisilosemwa. Wafasiri wa Kijapani na Kiingereza wameizoea taabu hii: ani ni kaka aliyetangulia kuzaliwa, otōto ni yule mdogo, na mfasiri akutapo «brother» hupekua kitabu kizima apate kujua ni yupi. Yeye ana nafasi ya kupekua. Mkalimani amesimama mbele ya watu wanaomngoja.

Tangu Oktoba 2019, kilipofunguliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja. Zambia hutumia Kiingereza katika shughuli za serikali. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Tuseme mama mmoja anena, «Ndugu yangu ndiye aliyeleta mzigo,» na karani aandika «brother». Yumkini ni dada yake. Mzigo ukiwa na kosa, atatafutwa mwanamume asiyekuwapo duniani.

Mkalimani hodari angaliuliza, «Ndugu yupi, mama?» Lakini desturi yetu huhesabu swali hilo kuwa dalili ya ujinga, na hapa ndipo nisipokubaliana na walimu wengi wa fani hii, wasifuo wepesi wa ulimi kuliko yote. Tena, wanenaji wawili wajuao Kinyamwanga hawana haja ya kupitishwa katika Kiingereza. Kiingereza na kiandikwe baadaye, maana ikiisha kuthibitika. Orodha ya majina ya udugu ya Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba, ikilinganishwa na ya Kiswahili, ingekuwa kijitabu chembamba, nacho kingestahili kuwekwa juu ya meza ya kila karani wa forodha.