Boksi la Dola Mia: Tunanunua Filamu au Makaratasi?

Katika vijiwe vya wapenda sinema kuna ubishi ambao haujapata mwamuzi. Wapo washikaji wanaosema kwamba kutoa dola 40 kwa filamu moja, au dola 100 na ushee kwa boksi, ni wazimu wa watu walioshiba. Filamu ukishaiona umeiona, basi. Na wapo wale ambao wakiona tu maandishi ya "toleo maalumu la wakusanyaji" macho yanawatoka, mate yanawadondoka, hata kama nyumbani hawana mashine ya kuchezea hiyo diski. Wote nawasikiliza, lakini naona wanabishana juu ya jalada. Ndani ya boksi la namna hii huwa mna bidhaa mbili zilizofungwa pamoja makusudi: kuna kazi ya sanaa pamoja na kumbukumbu zake, na kuna makorokoro. Kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha.

Tuchukue Blade Runner ya Ridley Scott, maana hakuna filamu iliyofungashwa na kufungashwa upya kama hii. Ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford ikitusimulia kile tunachokiona kwa macho yetu, na mwisho wake ulikuwa mtamu, wapenzi wawili wakiondoka kwa gari katika mandhari ya milima. Hata picha za milima hiyo zilichukuliwa katika mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick! Wenye fedha walihofia kwamba mtazamaji hataelewa. Mwaka 1992 likatoka toleo la mwongozaji: sauti imefutwa, milima imekatwa, na ndoto ya farasi mwenye pembe moja imetiwa. Mwaka 2007 Scott akairudia tena kwa mara ya mwisho, na mwaka huohuo wauzaji wakaleta mkoba wa diski 5 wenye matoleo 5 ya filamu hiyohiyo, pamoja na filamu ndefu ya zaidi ya saa 3 inayoeleza jinsi ilivyotengenezwa. Humo mkobani mlikuwa pia na kigari cha kuchezea, kisanamu cha yule farasi na barua ya mwongozaji.

Sasa, kigari kile ni cha nini kwa mtu mzima? Ni cha kukusanya vumbi. Lakini yale matoleo 5, jamani, ni shule. Sisi tunaojifunza kuandika tunasoma vitabu vilivyokwisha kupigwa pasi. Unafungua kitabu cha Shaaban Robert au cha Euphrase Kezilahabi ukadhani kilishuka kama mvua, bila neno lililofutwa. Rasimu zao hatuzioni. Katika Blade Runner unaweza kuangalia onyesho lilelile likiwa na msimulizi, kisha ukaliangalia likiwa halina, na papo hapo unaelewa jambo ambalo walimu wa fani na maudhui wangelizungumza muhula mzima: mtunzi anayeeleza kila kitu anamnyang'anya msomaji kazi yake. Ukitoka hapo ukarudi kwenye hadithi yako mwenyewe, kalamu itafuta mistari.

Ila tusidanganywe. Huko Marekani lilikuwapo pia boksi la DVD 4, la bei ya chini, lenye matoleo 4 na ile filamu ndefu ya maelezo. Diski ya tano, yenye nakala ya majaribio, ilikuwa ndani ya mkoba. Kwa hiyo aliyenunua mkoba alilipa ile ziada yote kwa ajili ya nakala moja mbichi na vidude. Kwa mtafiti inaweza kuwa sawa. Kwa kijana anayehesabu nauli, diski 4 zilitosha na kubaki.

Kitu kingine wanachokisifia sana ni maelezo ya sauti, yaani mtu anazungumza juu ya filamu wakati inaendelea. Wenyewe wanasema yalianza mwaka 1984, kampuni ya Criterion ilipotoa diski kubwa za leza, upana wa santuri, za Citizen Kane na King Kong. Katika King Kong walimweka Ronald Haver aeleze. Nikisoma habari hiyo huwa nacheka kidogo, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video Dar es Salaam anamjua Lufufu, na Mkenya anamjua DJ Afro. Sauti juu ya filamu kwetu si ugeni. Tofauti ni kwamba Lufufu alikuwa anatafsiri na kutia chumvi, Haver alikuwa anadarasisha. Na ubora wake haulingani. Mwongozaji mwingine atakwambia kwa nini aliweka kamera pale dirishani. Mwingine atatumia saa 2 kuwashukuru waigizaji na mpishi. Maelezo ya namna ya pili hata ukipewa bure ni ghali.

Hapa sasa nafika kwenye diski ambazo zinaniuma, kwa sababu zinatuhusu. Ousmane Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Aliona kwamba watu aliokuwa akiwaandika hawasomi Kifaransa, wengi wao hawasomi kabisa, akaenda kujifunza sinema Moscow. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi juu ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar: anabeba watu, halipwi, anathubutu kuingia mtaa wa matajiri, polisi anamnyang'anya mkokoteni. Mwaka 1966 akatoa Black Girl, juu ya Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa kutumika katika nyumba ya wazungu, hadi akajiua. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, kutokana na hadithi yake mwenyewe, juu ya mzee anayeletewa hundi ya posta kutoka Paris na kushindwa kuipokea kwa kukosa kitambulisho.

Ziangalie kwa mfululizo. Mwenye mkokoteni anawaza kwa Kifaransa. Diouana naye, ambaye ugomvi wake mzima ni na Wafaransa, mawazo yake ya ndani tunayasikia kwa Kifaransa. Halafu inakuja Mandabi, na watu wanagombana, wanakopa, wanadanganyana kwa Kiwolofu! Kila mtu anapumua. Yule mzee anakuwa na ucheshi ambao Diouana hakuruhusiwa kuwa nao. Ukiulizwa swali la zamani, mwandishi wa Kiafrika aandike kwa lugha gani, huna haja ya kusoma makabrasha. Tazama miaka hiyo 5.

Na mfululizo huo umehifadhiwa wapi? Katika diski za ghali. Criterion walitoa Black Girl mwaka 2017 pamoja na Borom Sarret, na Mandabi mwaka 2021. Hapo fedha hazikwenda kwenye kigari. Zilikwenda kwenye kutafuta mkanda wa asili, kuusafisha fremu kwa fremu, na kuwahoji watu wanaoijua kazi. Nakala mbovu ya Sembène si Sembène. Uso wa Diouana ukiwa umegeuka doa jeusi kwenye skrini, umeipoteza filamu, maana yeye hasemi sana, anatazama.

Lakini tazama kejeli yake. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Bei ya orodha ya diski ya Blu-ray ni karibu dola 40, kabla ya posta na ushuru. Halafu kuna kufuli. Blu-ray za Marekani kwa kawaida zimefungiwa eneo A, na Afrika yote imewekwa eneo B. Kwenye DVD Marekani ni 1, sisi Afrika Mashariki ni 5. Maana yake filamu iliyopigwa Dakar, juu ya mtu wa Dakar, haichezi katika mashine ya kawaida iliyouzwa Dakar. Mzee wa Mandabi angeielewa hali hiyo vizuri: mali ni yako, kitambulisho huna.

Kwa anayetaka kununua, basi, ajue kwamba taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitoa Black Girl na Borom Sarret mwaka 2015, na Blu-ray ya huko ni eneo B, ambalo ni letu. Diski za 4K hazina kufuli la eneo. Na ajifunze kungoja. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ilifungiwa mwaka 2013 ndani ya boksi moja na filamu nyingine 5 kwa zaidi ya dola 100. Mwaka 2021 ikatolewa peke yake. Aliyevumilia aliipata pikipiki yenye pembe za ng'ombe bila kulipia boksi zima, ingawa, kusema kweli, Trances ya Morocco iliyokuwa humo nayo ni bomba.

Wapo watakaosema diski zimekwisha, kila kitu kipo kwenye intaneti. Ni kweli Netflix waliacha kutuma DVD kwa posta mwaka 2023. Ila filamu ya intaneti ni ya kukodi: mkataba ukiisha inaondolewa usiku, hujaagwa. Diski nayo ina maradhi yake, ikitunzwa vibaya inaoza, lakini haiondoki kwa amri ya mtu aliye California.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, soma orodha ya nyuma ya boksi. Futa kwa kalamu kila kitu ambacho si picha, sauti au maandishi ya kusoma. Kilichobaki kigawanye kwa idadi ya watu wa kijiwe chenu. Dola 40 kwa watu 8 ni dola 5 kila mmoja, na diski inaweza kulala kwa kila mtu wiki moja. Mwenye mashine ya eneo B ndiye awe mwenyekiti.