Kumshonea Shoga Gauni

Fundi wa mtaani hupima mara moja: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Huandika namba kwenye daftari, mteja akaenda zake. Namba zile si za kubeza, na gauni litakalotokana nazo litamkaa mwenyewe vizuri akiwa amesimama mbele ya kioo. Ila hakuna anayesimama mbele ya kioo kutwa. Mwanamke huinama kufagia, hupakata mtoto, hupanda daladala, huketi mkekani msibani mpaka jua likatua. Anayemshonea shoga yake nyumbani ameyaona yote hayo kabla hajashika futi. Ndiyo maana nashikilia kwamba nguo ya namna hiyo haina mshindani, hata kama aliyeishona hajafikia nusu ya ujuzi wa fundi.

Shoga yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mkono wake wa kulia uko juu ubaoni tangu asubuhi, na magauni yake karibu yote humpanda kila anapoandika mstari wa juu, akawa anaandika kwa mkono mmoja na kuvuta nguo kwa mwingine. Namba za daftarini haziwezi kulisema jambo hilo.

Dawa yake iko kwenye kanzu. Mafundi wa kanzu wa mwambao walikata vipande vilivyonyooka: badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni kuipanua kuelekea chini, na chini ya kila kwapa kipande kidogo cha mraba kiitwacho kikwapa. Huwekwa kikiwa kimekaa kona: kona moja inaingia kwenye mshono wa mkono, nyingine kwenye mshono wa ubavu. Mkono ukishuka, kinajikunja kisionekane. Mkono ukiinuka, kinafunguka, na nguo inabaki mahali pake. Kitambaa cha pamba kikivutwa kwa urefu au kwa upana hakinyumbuki sana, ila kikivutwa mshazari kinanyumbuka, na kwapani mvuto ni wa mshazari. Sijaona kipande kidogo cha nguo kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Kukishona kunataka subira. Kwanza napiga bandi kwa mkono. Kisha naingia kwenye cherehani, na cherehani ya kuzungusha kwa mkono ndiyo inayofaa hapa, maana gurudumu linakwenda tundu moja moja. Nikifika konani nasimamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nainua mguu wa cherehani, nageuza nguo, naushusha tena. Uzi mmoja ukizidi, kona inakunjamana. Ukipungua, panabaki tundu. Sindano yenye tundu karibu na ncha imo kwenye hataza ya cherehani aliyopata Elias Howe huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Mpaka leo kazi ni ileile: uzi wa juu unateremka, unakutana na uzi wa chini, na fundo linajificha katikati ya kitambaa. Kaza uzi mmoja kupita kiasi, fundo litajitokeza upande mmoja na mshono hautadumu.

Siku ya kujaribisha ndiyo ninayoipenda zaidi. Gauni huvaliwa ndani nje, pini zikiwa ubavuni.

“Mbona umebana pumzi? Pumua, shoga.”

“Nikipumua si utapima na tumbo?”

“Tumbo ndilo litakalovaa. Haya, andika ukutani.”

Akaandika hewani tarehe, somo na idadi ya watoto, kama afanyavyo kila asubuhi, na pindo halikusogea. Nikamkalisha chini, nikamwinamisha, nikamwambia ajifunge kanga juu yake.

Zipu niliiweka ubavu wa kushoto. Anaishi peke yake siku hizi. Zipu ya mgongoni humtaka mtu mwingine wa kuifunga. Ndani nimemwachia inchi nzima kila upande, maana miili yetu haikai ilivyo, na kingo nimezikunja na kuzishona tena zisichambuke. Hapo ndipo kazi ya mapenzi inapokaa, mahali ambapo hapaonwi na yeyote isipokuwa anayelivaa na kulipiga pasi.

Naambiwa mitumba ni rahisi kuliko uzi na muda wangu. Ni rahisi kweli, na mingine ni mizuri, nami nainunua. Lakini ilikatwa kwa ajili ya mtu ambaye aliyekata hakumjua.

Kwa hiyo, wewe mwenye cherehani iliyogeuka meza ya kuwekea nguo, iondolee mzigo, itie mafuta. Nunueni kitenge pamoja, kifueni kabla ya kukata ili kitoe wanga na kupungua mapema, na kama kina ndege au maua yenye kichwa, angalia yasije yakapinduka mgongoni. Halafu kaa na shoga yako, umuulize kazini huwa anafanya nini kwa mikono yake, ndipo ukate.