Sifa kwa Waandishi wa Njia Zisizopitwa

Kahe ni mahali reli inapogawanyika. Njia inayotoka Tanga, ikapita Korogwe na Same, ikifika hapa tambarare inaendelea kuelekea Moshi, na mkono mmoja unachepuka mashariki kwenda Taveta hadi Voi. Njia ya Tanga waliijenga Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Ule mkono wa Taveta ni mtoto wa Vita vya Kwanza vya Dunia: Waingereza walianza kuutandika kutoka Voi mwaka 1915, wakaufikisha Kahe kwa haraka mwaka 1916, jenerali wao Smuts akimsukuma von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani kusini, na mwezi Machi mwaka huohuo Kahe yenyewe ikawa uwanja wa mapigano. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana miaka mingi, nayo hupita hapa. Mkono wa Taveta umelala. Lakini mataruma yake nayo yalilazwa moja moja, kwa jasho lilelile.

Nimeitaja reli kwa sababu nataka kuwasifu watu ambao kazi yao inafanana nayo. Ni waandishi wa gemu za hadithi, zile ambazo mchezaji anavaa uhusika, anaongea na watu, anaamua, na mwisho anaoupata unategemea alivyoamua. Fundi wa aina hii analaza mataruma kwenye njia zote, akijua kwamba abiria wengi watapita moja tu. Anaandika mazishi ya mtu ambaye kwa wachezaji wengi hatakufa, na harusi ya mtu ambaye kwa wengine alishazikwa zamani. Mwigizaji anaitwa studio, anayasoma maneno hayo kwa uchungu wote. Mtunzi anayatungia muziki. Kisha kundi kubwa la wachezaji linafunga gemu bila kufika huko, na wala halijui kwamba kulikuwa na huko. Mwandishi wa riwaya anachagua mwisho mmoja na mingine anaizika kichwani mwake. Huyu haruhusiwi kuzika chochote.

Hesabu yake inatisha. Mpe mchezaji uamuzi wenye njia mbili, kila njia izae mbili tena, na baada ya maamuzi kumi tu una hadithi 1,024. Hakuna kampuni yenye waandishi wa kutosha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kutawanya njia si ufundi, maana hata mtoto anaweza kutawanya. Ufundi ni kuzikutanisha tena bila abiria kuhisi kwamba amerudishwa. Programu inatunza kumbukumbu: ulimsamehe mwizi, ulikataa pesa, ulimdanganya mzee. Hadithi inaendelea mlemle ambamo wote wangepita, ila mzee hakukaribishi ndani, na mwizi anakutokea mbele ya safari akiwa na sababu ya kukusaidia. Mistari miwili mitatu ya maneno, ikiwekwa mahali pake, inamfanya mchezaji aamini kwamba dunia nzima imegeuka kwa ajili yake.

Gemu inayouonyesha ufundi huu kuliko zote ninazozijua ni The Witcher 3, kazi ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka mwaka 2015 na kujengwa juu ya vitabu vya Andrzej Sapkowski. Kabla haijatoka, watengenezaji walitangaza kwamba inaweza kuishia katika hali 36 tofauti. Idadi hiyo ni ya kuuzia, mimi hainibabaishi. Kinachonibabaisha ni binti mmoja.

Geralt ni mwinda mazimwi wa kulipwa, na Ciri ni binti aliyemlea, si wa damu yake. Mwishoni Ciri anaingia peke yake mahali ambapo Geralt hawezi kumfuata. Atarudi au hatarudi? Hapo upanga hausaidii kitu, maana jibu lilishapatikana zamani, katika mambo ambayo ulipoyafanya hakuna aliyekuambia kwamba yana uzito. Mzee Vesemir, mwalimu wa Geralt, amekufa na Ciri amenywea kwa majonzi. Utamwambia apumzike, si lazima awe hodari wa kila kitu, mkanywe? Au utamtoa nje mkarushiane theluji? Ameitwa mbele ya wanawake wachawi wenye nguvu. Utaingia naye umlinde, au utamwacha aingie mwenyewe? Ana hasira, anataka kuvunja vyombo vya mwalimu wake aliyemficha mambo. Utamtuliza, au utamwacha avunje? Anataka kusimama kwenye kaburi la kijana aliyemsaidia. Utasema hakuna muda?

Majibu yenye sura ya busara ndiyo yanayompoteza. Ukiyarundika ya kutosha, ukamlinda, ukamnyamazisha, ukamsemea, Ciri harudi. Geralt anakwenda kwenye kibanda cha bwawani, anamuua ajuza mchawi wa mwisho wa bwawa hilo ili aipate medali ya Vesemir aliyokuwa nayo binti huyo, anakaa chini nayo, na mazimwi yanajikusanya nje. Tuliolelewa kwa kauli kwamba mkubwa ndiye anayejua tunaingia mtego huu kirahisi sana. Na mtu wa Kahe ana mtego wa ziada, kwani kwake theluji ni kitu cha kutazama asubuhi juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajafunga, huku mwenyewe yuko kwenye joto la tambarare. Nani angefikiri kwamba kitu kile kinarushwa, na kwamba kukirusha kunaweza kumrudisha mtoto?

Wapo wanaolalamika kwamba hiyo ni hila, mchezaji angepaswa kuonywa. Siwaungi mkono. Uamuzi ukija na tarumbeta, kila mtu anasevu kwanza, anajaribu huku, akikipata asichokipenda anarudi kujaribu kule, na hapo hakuna uamuzi tena, kuna kuonja vyungu tu. Mwandishi wa Ciri alilijua hilo. Akaliweka tokeo mbali sana na chanzo chake, saa nyingi mbele, hata ukitaka kurudi hujui urudi wapi. (Sisi tuna msaada mwingine: umeme ukikatika kabla hujasevu, unajifunza kuishi na ulichofanya.)

Moshi mjini hadithi za namna hii hazina makao kwenye vibanda vya gemu. Kule unalipia mechi au muda, watoto wamekusimamia mgongoni wakisubiri zamu, na kinachochezwa ni mpira. Hadithi ya saa hamsini inataka sebule, inataka kompyuta ya kijana aliyerudi likizo kutoka chuo, na inataka watu wasio na haraka. Ikivipata hivyo, jambo ambalo waliotengeneza gemu hawakulipanga linatokea: inachezwa na chumba kizima. Mmoja ameshika pedi, wengine wanne wameshika maoni. Gemu haisemi Kiswahili, kwa hiyo mwenye Kiingereza kizuri anageuka mtafsiri. Tanzania ilikuwa na Lufufu na Kenya ina DJ Afro, mabingwa wa kuisimulia filamu ya kigeni kwa sauti yao hadi ikawa mali ya watazamaji wao. Ila filamu haikuulizi kitu. Gemu inauliza, na mtafsiri anakuwa na madaraka ambayo Lufufu hakuwa nayo. Chaguo la kumwacha Ciri aingie mwenyewe likitafsiriwa kwamba ni kumtelekeza, kura imeshaibwa.

Halafu ubishi. "Mwache aende, ni mtu mzima!" "Mtu mzima gani, wale si wachawi?" "We dada, ungekuwa wewe ungetaka baba yako aingie nawe kwenye usaili?" Nimesikia chumba kikikaa kwenye swali hilo kwa muda mrefu kuliko pambano lililofuata, mwenye pedi akiwa ameiweka mezani kabisa.

Ubishi huo una wazee wake. Fumbo la ndugu watatu limezunguka pwani na bara: mmoja ana kioo kinachoona mbali, wa pili ana mkeka unaoruka, wa tatu ana dawa. Kioo kinaonyesha binti anakata roho, mkeka unawafikisha, dawa inamponya. Nani amwoe? Fanani ananyamaza, hadhira inagombana hadi moto unazimika. William Bascom aliyakusanya mafumbo ya namna hii kutoka sehemu nyingi za Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1975, na ukiyasoma mfululizo unaona kwamba babu zetu walijua thamani ya kumwachia msikilizaji mwisho. Lakini fanani wa fumbo ananyamaza kwa raha, maana kunyamaza hakumgharimu kitu. Mwandishi wa gemu hawezi kunyamaza. Ukisema mwenye dawa, aandike ndoa ya mwenye dawa pamoja na kinyongo cha wale wawili. Ukisema mwenye mkeka, aanze upya.

Jukwaa la maigizo lilijaribu kulipa deni hilo kwa namna yake. Augusto Boal wa Brazili alikuwa Peru mwaka 1973 akiendesha michezo ambayo watazamaji walipendekeza mwisho na waigizaji wakauigiza. Mwanamke mmoja hakuridhika na namna walivyoigiza pendekezo lake kuhusu mume mwongo. Alipopewa jukwaa, alishika fagio na kumshughulikia mwigizaji mwenyewe. Tangu hapo Boal akawa anawapandisha watazamaji jukwaani. Kwetu, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, na wenzao, wakafanya kazi na wanakijiji waliotaja matatizo yao wenyewe, wakayaigiza na kuyajadili. Nguvu ya sanaa ile ni kwamba jibu linapatikana papo hapo, kwa vinywa vya watu. Udhaifu wake ni huohuo. Mwandishi wa gemu hayupo chumbani, ilimpasa amfikirie mwanamke wa fagio miaka kadhaa kabla hajaingia, na amwekee fagio.

Wengine hawamwekei. Mass Effect, ya BioWare ya Kanada, iliwabebesha wachezaji maamuzi yao kupitia gemu tatu, kuanzia 2007 hadi 2012, na mwishoni kabisa ikawapa milango mitatu ambayo kwa macho ya wengi ilitofautiana rangi ya mlipuko tu. Hasira ilikuwa kubwa hata Juni 2012 kampuni ikatoa mwisho ulioongezwa, bure. Watu walicheka, eti wanalilia gemu. Mimi naona walikuwa na haki ya mdai.

Toby Fox, aliyetunga Undertale ya mwaka 2015 karibu peke yake, alilifuata tatizo la kusevu hadi nyumbani kwake. Ukimwua Toriel, mama mwema anayekupokea mwanzoni, kisha ukajuta, ukarudi nyuma na kumwacha hai, yupo mhusika anayekuambia kwamba anajua ulichofanya kabla ya kurudi. Na NieR: Automata ya Yoko Taro, ya mwaka 2017, ina miisho 26, mmoja kwa kila herufi kuanzia A hadi Z, mingi ikiwa utani: mhusika akila samaki fulani wa jamii ya kibua anakufa, na majina ya watengenezaji yanapita kwa kasi. Lakini katika ule wa E unapigana pambano karibu lisiloshindika hadi wachezaji usiowajua, kutoka nchi nyingine, wanakuja kukusaidia. Ukishapona unaulizwa kama uko tayari kufuta kila ulichosevu ili nawe umsaidie mtu usiyemjua, ambaye pengine ungemchukia. Ukikubali, inafuta kweli, mbele ya macho yako. Sijui mwandishi mwingine aliyethubutu kumtoza msomaji wake namna hiyo.

Kilimanjaro ipo hadithi inayodai kuandikwa hivi, na haihitaji mazimwi. Mifongo, yaani mifereji ya Wachagga, imegawa maji ya mlima kwa zamu kwa vizazi vingi. Chini tambarare, skimu ya Lower Moshi ilikamilishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Japani ili kumwagilia mpunga. Mpunga ukalipa, wakulima wa juu ya skimu nao wakaanza kuupanda kwa maji yaleyale, na maji yakapungua kwa wa chini. Kahe iko chini zaidi. Kila anayefungua maji mlimani anaamua jambo ambalo tokeo lake litaonekana mbali, baadaye, kwa mtu asiyemfahamu. Vifaa vya kuanzia vipo: Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure, inaandika hadithi za matawi kwa maneno matupu, Kiswahili kikiwemo, na kwa kuanza hudaiwi kujua lugha ya kompyuta.

Mimi ningeanzia kwenye mlango wa mfongo, usiku. Mama mkwe wako ana migomba inayokauka, zamu ni ya mwingine. Unafungua au hufungui. Asubuhi hakuna kilichotokea, watu wanaamkiana kama kawaida. Ni sura ya 4, umeshuka Kahe kwa shughuli nyingine kabisa, ndipo muuza mchele anakueleza kwa nini bei imepanda, na kwamba mtoto wa shamba lile la pembeni ameacha shule. Na kwa mchezaji ambaye hakufungua? Mtoto yupo darasani, hana neno na wewe, utampita bila kumtazama, lakini lazima apewe jina, sare na jirani wa kukaa naye. Na mama mkwe kule juu aandikiwe maneno yake yote makali, kurasa nzima, maana migomba yake imekufa na anamjua aliyeiacha ife.