Asiyeweza kuinua mkono hafunikwi mdomo

Mliokuwepo kwenye mafunzo yale ya BiPAP, mashine ya kusaidia kupumua, mliona wenyewe. Kijana mwenye Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika misuli, kutoka upande wa Nyamira, mikono haifiki hata kifuani, akavikwa barakoa ya uso mzima. Barakoa ya pua ya saizi yake ilikuwa mezani, pakiti haijafunguliwa. Mkufunzi akasema hii ya uso mzima haivujishi, akaendelea na somo. Ule uamuzi ulikuwa kosa, na chumba kizima kilinyamaza.

Haya, tuseme ni saa nane usiku nyumbani. Kijana akitapika, matapishi yanabaki ndani ya barakoa na mashine inayasukuma kuelekea mapafuni. Mimi na wewe tungeivua mara moja. Yeye hawezi, na kikohozi chake hakina nguvu ya kusafisha koo. Stima nayo ikipotea na betri ikaisha, vali ya usalama ya barakoa inatakiwa ifunguke ili avute hewa ya chumbani. Ikiwa imeganda kwa makohozi yaliyokauka, atabaki akivuta pumzi yake mwenyewe. Kengele ya mashine italia, najua. Lakini nyumba ni ya mabati, mvua ya Gusii inapiga, na mama amelala chumba cha pili. Nani ataisikia? Na sauti ya kumwita mama tumeshaifunika.

Tena kuna suala la taya. Mikanda ya chini ya barakoa hiyo huvuta kidevu nyuma, na wagonjwa wengi wa Duchenne wana ulimi mkubwa. Taya likirudi nyuma, ulimi unalifuata na koo linabana. Mliona kifua kilivyopanda kidogo tu mashine ilipopuliza. Mkufunzi alifanya nini? Akakaza mikanda, akaongeza presha! Alipaswa kulegeza. Barakoa ya pua ingemwachia mdomo wa kusemea na kutemea mate. Hewa ikivuja mdomoni, kuna mkanda wa kidevu, na mashine zenyewe hufidia uvujaji wa wastani.

Tabia hii naijua ilikotoka. Mwaka 2020 Covid ilitufundisha kufunika uso mzima, mara nyingi kwa barakoa zisizo na matundu, ili pumzi ya mgonjwa ipite kwenye kichujio. Kwa ugonjwa ule ilikuwa sawa. Sasa zilizobaki stoo zinaunganishwa na mashine za nyumbani zenye bomba moja, bila tundu la kutolea pumzi popote, na mgonjwa anairudia kaboni dioksidi yake mpaka anasinzia mchana. Halafu anaongezewa oksijeni. Nimelisema hili mpaka nimechosha watu: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma asilimia 97 huku kaboni dioksidi inapanda, kwa sababu kilichoshindwa ni misuli ya kupumua.

Daktari Colin Sullivan alipotangaza kazi yake ya kusukuma hewa kupitia pua huko Sydney mwaka 1981, wagonjwa wake walikuwa wa kukatika pumzi usingizini, misuli yao haina tatizo, lakini somo la barakoa ni lile lile. Alichukua umbo la pua ya kila mgonjwa na kumtengenezea barakoa yake, akaibandika kwa silikoni. Pua tu. Sisi kipimo cha saizi kinakuja ndani ya pakiti na tunakitupa. Na masista wa zamani hawakuondoka kitandani kabla ya kupitisha vidole viwili chini ya kila mkanda. Siku ile mwamba wa pua ya kijana ulikuwa mwekundu kabla ya chai ya saa nne.

Sikatai, betri ya akiba na maelezo aliyopewa mama kwa Ekegusii siku ile vilikuwa safi.

Mgonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ambaye midomo haifungi kabisa anaweza kuhitaji ya uso mzima, na hapo lazima mtu alale chumba hicho hicho. Kijana huyu midomo yake inafunga. Afunguliwe ile pakiti, alazwe chali, mashine iwashwe kwa presha ya usiku, ndipo mikanda irekebishwe. Siku ile alipimwa barakoa ameketi, kabla mashine haijawashwa. Yafanyike kabla hajapanda gari la kurudi Nyamira.