Chupa Yapata Nuru, Uso Wapata Taa

Ukitembea Kisauni, Likoni au Changamwe leo, studio ya picha si lazima iwe na kibao mlangoni. Huenda ni chumba cha nyuma cha duka la nguo, au saluni iliyokwisha kufungwa, au chumba cha kulala ambacho kitanda kimesukumwa ukutani. Kinachoifanya studio ni taa moja ya duara, ile watu waiitayo ringilaiti, na simu iliyopachikwa katikati yake. Asubuhi taa hiyo yamulika chupa za manukato, madera na mikoba ya kuuzwa mtandaoni. Jioni yammulika bibi harusi. Taa ni ile ile, na mpigaji ni yule yule, lakini kazi ya asubuhi imeishinda ya jioni kwa mbali.

Hebu tazama mtu anavyopiga chupa ya manukato. Akiielekezea taa moja kwa moja, kioo chamrudishia duara jeupe na jina la manukato lapotea. Basi aiondoa taa mbele, aiweka ubavuni, atundika shuka jeupe katikati, na upande wa pili asimamisha kipande cha boksi jeupe kirudishe mwanga. Kioo huonyesha kile kinachokizunguka, kwa hivyo yeye hupanga mazingira kwanza ndipo apige. Ajaribu mara kumi, mara ishirini. Ana sababu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mteja wa mtandaoni hawezi kuishika chupa wala kuinusa.

Sasa aje mtu. Subira yote yaisha. “Simama hapo, tabasamu kidogo,” na taa iko puani. Mboni zaota duara mbili nyeupe, shavu lakosa umbo, shingo yaungana na kidevu. Kisha programu ya simu yamalizia: ngozi yalainishwa, yang'arishwa, na msichana mweusi wa Likoni atoka na rangi ya chapati mbichi. Wenzake wamwambia, “Mashallah, umetoka mweupe!” Na hiyo ati ndiyo sifa.

Ajabu ni kwamba ngozi nyeusi yataka kutendewa kama chupa ile. Husomeka kwa mng'ao. Mwanga mpana na laini, ukitoka ubavuni, huchora mstari kwenye shavu, kwenye paji, kwenye bega, na macho yetu huujua uso kwa mistari hiyo. Ukimzidishia mtu taa ya mbele ili “aonekane”, wafuta kile kile kilichokuwa kikimwonyesha.

Dhuluma hii ina historia. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo mmoja wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki sawa. Kabati lilisikizwa mapema kuliko uso wa mtu. Tukimpa chupa saa nzima na bibi harusi dakika mbili, twaendeleza mpango ule ule, tena kwa mikono yetu.

Na si kwamba pwani ilikosa walimu. Kisiwani, N. V. Parekh aliendesha studio yake kuanzia miaka ya 1940, akapiga watu wa jamii nyingi za mji. Picha zake zina ladha ya sinema za Kihindi: taa ina upande, kivuli kimeachwa kifanye kazi, na mtu wa kawaida akaa kama nyota. Kwake kivuli hakikuwa uchafu wa kufutwa.

Miaka ya 1990 nayo ilikuwa na vibanda vya wapiga picha wa feri ya Likoni. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, aliviandikia makala mwaka 2000. Wapigaji wengi walitoka bara, na wateja wao wengi pia: watu waliofuata kazi, wakitaka kutuma nyumbani picha ya maisha mapya. Nyuma yao kulikuwa na meli, ndege na maghorofa ya kuchora, maua ya plastiki yakijaza pembe. Wengi hutazama mandhari hayo na kuzungumza juu ya ndoto za safari. Ni sawa, lakini banda lenyewe lina somo. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana hukaa utosini na kuyajaza macho giza. Paa likilizuia jua hilo na upande mmoja ukaachwa wazi, mwanga huingia kwa ubavu, mpana na mtulivu, bila kulipia stima. Seydou Keïta kule Bamako alifanya kazi katika ua wake kwa mwanga wa mchana, na picha zake zikazunguka dunia.

Nitaambiwa: mteja ndiye alipaye, na mteja ataka weupe. Kweli. Kijana mwenye kodi ya chumba hawezi kumhubiria mtu aliyeleta pesa. Lakini mteja huchagua katika alichoonyeshwa, na wengi hawajawahi kuonyeshwa cha pili. Mpige moja kwa ringilaiti kama alivyozoea. Kisha izime, mweke karibu na mlango, tundika lile shuka la chupa, simamisha lile boksi. Mtoe karibu na ukuta wa kijani, maana ukuta humwaga rangi yake shavuni. Mpe picha zote mbili bila kutia neno, achague mwenyewe.

Chupa itauzwa na kusahauliwa kabla mwezi haujaisha. Picha ya harusi itatundikwa, na siku moja mjukuu atasimama mbele yake akitafuta pua yake mwenyewe. Haifai aikose kwa sababu ya taa.