Kamati Kwanza, Wageni Baadaye

Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimpelekea Aga Khan ombi lao: watoto wetu wanabaki nyuma katika masomo, tusaidieni. Wengi wa watoto hao walikuwa wamepita chuoni na kusoma Kurani vizuri, lakini wakifika darasa la kwanza walikutana na wenzao waliokwisha kuzoea kalamu, hesabu na hadithi. Jibu lilitafutwa kwa miaka kadhaa, likapatikana Mombasa: elimu ya awali ianzishwe ndani ya madrasa zenyewe. Kazi alikabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, na mwaka 1986 ikaanza. Zanzibar ikafuata 1990, Uganda 1993.

Habari hiyo husimuliwa sana kwa upande wa watoto. Mimi naitazama kwa upande wa watu wazima, kwa sababu humo mna ufundi ambao shule nyingi za kisiwani Mombasa zinauhitaji zinapojitayarisha kwa ithibati. Ufundi wenyewe ni namna ya kuwaandaa walimu na bodi hadi waweze kujitathmini kwa ukweli.

Ithibati ya siku hizi huanza ndani ya shule. Shule hupewa vigezo, ikajipima, ikaandika ilichokiona pamoja na ushahidi, kisha ndipo wageni wanapokuja kulinganisha maandishi na hali halisi. Aga Khan Academy iliyopo Kizingo, iliyofunguliwa 2003, inafuata programu za International Baccalaureate, na shirika hilo huzitaka shule zake zipitie tathmini kila miaka 5, wakuu na walimu kwa pamoja. Shule kama hiyo ina ofisi na wafanyakazi wa kuibeba kazi hiyo. Madrasa ya mtaani, Kibokoni au Kuze, ina walimu wachache, imamu, na mweka hazina anayefunga duka lake mapema ili awahi kikao baada ya Magharibi. Njia inayomfaa mweka hazina huyo ndiyo iliyobuniwa na Madrasa Resource Centre, kituo kilichoendesha mpango ule wa madrasa.

Kituo hicho hakikuanza na darasa, kilianza na mkataba. Jamii ilitakiwa itoe mahali, ichague kamati, iwatafute wanawake wa mtaani watakaofunzwa ualimu, ikusanye karo na kulipa mishahara. Kituo nacho kiliahidi kuwafunza walimu, kuifunza kamati, na kuwatembelea wote mara kwa mara kwa muda wa miaka 2 hivi. Kila upande ulijua deni lake tangu siku ya kwanza. Wanawake walihimizwa waingie kwenye kamati, na kwangu hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwani mama anayemleta mtoto kila asubuhi anaijua shule kuliko mwenyekiti anayefika siku ya mkutano.

Tazama sasa jinsi mafunzo yalivyopangwa. Mwalimu alisoma kwanza, kisha mkufunzi akamfuata darasani kwake, akaketi pembeni, akatazama, halafu wakazungumza. Baadaye alirudi tena. Baada ya mwaka, mwalimu hashtuki tena mtu anapoingia na daftari. Kamati nayo ilikuwa na maafisa wake walioifundisha kuendesha mikutano, kuweka hesabu na kuwaita wazazi. Kwa hiyo walimu na kamati walikomaa kwa pamoja, kila mmoja akijua mwenzake anapimwa kwa lipi.

Mwisho wa safari shule yenyewe ndiyo iliyohitimu. Ilitazamwa hali ya ufundishaji na mazingira, ikatazamwa uongozi na hesabu, ukatazamwa na mchango wa jamii. Madarasa mazuri yenye daftari bovu la fedha hayakutosha. Shule iliyohitimu iliwekewa mtaji mdogo uliowekezwa ili faida yake iisaidie. Kufikia 2008 shule zilizopita katika mpango huo katika nchi tatu zilizidi 200, na utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kuwa watoto wake walipiga hatua kubwa kuliko wale wa shule nyingine za awali zilizolinganishwa nazo.

Dosari ilikuwepo, nayo ni nzito. Mwalimu aliyefunzwa vizuri alitafutwa na wengine wenye mshahara mnono, akaondoka na ujuzi wake. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuiandaa kamati, kwa kuwa ndiyo iliyobaki na kumbukumbu ya shule na kumtafuta mwalimu mwingine.

Shule za umma nazo zina haja hiyohiyo ya kuiandaa bodi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inaipa bodi ya shule ya umma wawakilishi 6 wa wazazi au wa jamii, 3 wa mfadhili na 1 tu wa walimu. Maana yake, wengi katika kikao hicho hawakusomea ualimu. Ukiwagawia kurasa nyingi za vigezo kwa Kiingereza cha ofisini, watatia saini tu. Vigezo visomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kimoja kwa kikao kimoja kama haja ipo.

Walimu wana shaka ya aina nyingine. Tangu 2016 walimu walioajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) wamekuwa wakijijazia alama katika mfumo wa tathmini ya utendaji, na alama hizo humfikia mwajiri. Wakisikia kujitathmini tena, huona ni kesi nyingine. Mwalimu mkuu aseme mapema, mbele ya bodi, kwamba safari hii shule ndiyo inayopimwa na hakuna jina la mtu litakaloandikwa. Kisha ahadi hiyo aitimize.

Ningeanza na jaribio dogo. Chukua kigezo cha usalama wa watoto wakati wa kutoka, jambo zito katika vichochoro vya Mji wa Kale ambamo tuktuk na pikipiki hupita ubavuni mwa ukuta. Waulize walimu kando: mtoto hukabidhiwa nani? Waulize wajumbe wa bodi kando swali hilohilo. Majibu yakitofautiana, tofauti hiyo iandikwe kama ilivyo, pamoja na tarehe ya kuirekebisha na jina la wadhifa unaohusika. Ripoti inayokiri pengo na kuonyesha linavyozibwa humshawishi mgeni kuliko ile iliyojaa sifa.

Na ushahidi usitengenezwe upya. Daftari la mahudhurio, risiti za karo, kumbukumbu za vikao, maandalio ya somo yenye alama za kalamu nyekundu, vyote viko kabatini tayari.

Kama shule yako inatarajia wageni mwakani, mwenyekiti, itisha kikao mwezi huu. Waalike walimu wote, na mpe mweka hazina nafasi ya kwanza ya kusema.